Chekecheke Inaamua Kabla ya Mwalo

Mchimbaji mdogo wa Kanda ya Ziwa anapotaka kuongeza dhahabu anayoipata katika kila gunia la mawe, fikra zake huenda kwanza kwenye nguvu ya injini, kisha kwenye nyundo za karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, na mwisho kwenye kiasi cha zebaki atakachomimina kwenye karai. Ni nadra kumsikia mtu akianzia kwenye chekecheke. Katika shughuli nyingi nilizoziona mkoani Geita, kifaa hicho huchukuliwa kuwa ni bati lenye matundu ambalo mtu hulinunua pamoja na karasha, akalifunga, na kulisahau mpaka litoboke kabisa. Nimefanya kazi ya kuunda na kukarabati mitambo ya uchenjuaji kwa muda wa kutosha kuweza kusema kwamba dhahabu nyingi inayoishia kwenye marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha, ilikwisha kupotea kabla haijagusa maji ya mwalo, ule mfereji wa mbao wenye mteremko uliotandikwa magunia ya kunasia dhahabu, na kwamba ilipotelea kwenye chekecheke. Makala hii inaeleza kwa nini ninaamini hivyo, na ni marekebisho gani yanayoweza kufanywa na fundi wa kawaida wa kuchomelea bila kusubiri mtambo kutoka nje.

Nianze na uzito, kwa sababu ndio msingi wa kila kinachofuata. Dhahabu safi ina uzito wa mara 19.3 ya maji yenye ujazo uleule, ilhali jiwe jeupe la kwatzi, ambalo ndilo linalobeba dhahabu katika mishipa mingi ya ukanda wetu, lina uzito wa mara 2.65 tu. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba mtu angetarajia dhahabu ikamatwe bila taabu, na kwa punje kubwa ndivyo ilivyo. Taabu inaanza kwenye punje ndogo, kwa kuwa kasi ya punje kuzama katika maji haitegemei uzito wa madini peke yake, bali hutegemea pia ukubwa wa punje yenyewe. Ukipiga hesabu ya kuzama kwa punje laini sana, utakuta kwamba punje ya dhahabu yenye upana wa milimita 0.05 huzama kwa kasi ileile ya punje ya kwatzi yenye upana wa milimita 0.17 hivi. Kwa maneno mengine, kwa maji yanayopita juu ya gunia la mwalo, punje hizo mbili ni kitu kimoja, na maji hayawezi kuiacha moja na kuichukua nyingine.

Sasa tazama kinachotokea kwenye mwalo unaolishwa unga usiochekechwa vizuri, wenye punje za kila ukubwa kuanzia vumbi hadi changarawe za milimita 2 au 3. Ili changarawe hizo zisirundikane juu ya magunia, mwoshaji analazimika kuongeza mteremko au kuongeza maji. Mkondo wenye nguvu ya kusukuma changarawe ya milimita 2 una nguvu ya ziada ya kuibeba dhahabu laini hadi kwenye shimo la marudio. Mwoshaji hana kosa lolote. Amelishwa mchanganyiko ambao hauwezi kuoshwa kwa mkondo mmoja. Unga huohuo ukigawanywa mara mbili kwa chekecheke ya nusu milimita, sehemu laini ikaenda kwenye mwalo mpana wenye mteremko mdogo na maji tulivu, na sehemu ya chengachenga ikaoshwa kwenye mwalo wake au ikarudishwa kusagwa, kila mkondo unakuwa na kazi moja inayowezekana. Hili ndilo jambo ambalo ningependa wamiliki wa mialo walitafakari kuliko yote niliyoyaandika hapa, kwa sababu gharama yake ni wavu mmoja na mbao chache za kuundia mwalo wa pili.

Kabla ya kununua wavu huo, hata hivyo, ni lazima kujua dhahabu inapotelea wapi, na jibu limo ndani ya marudio yenyewe. Chukua sampuli ya marudio kidogokidogo kwa muda wote wa kuosha badala ya kuzoa koleo moja mwishoni, kisha uichanganye, uirundike, uigawe robo nne, na kutupa robo mbili zinazokabiliana mpaka ubaki na kiasi unachoweza kukishughulikia. Ichekeche kwa nyavu za ukubwa tofauti, kwa mfano milimita 1, nusu milimita na robo milimita, kisha upime uzito wa kila fungu. Dhahabu ikionekana zaidi katika fungu la chengachenga, maana yake haijatoka ndani ya jiwe; kusaga hakujatosha, na chekecheke ya karasha ina matundu makubwa mno au imechakaa. Ikiwa dhahabu imejaa katika fungu laini kabisa, hapo tatizo ni jingine kabisa, ama mkondo wa mwalo ni mkali, ama mawe yamesagwa kupita kiasi. Fungu la chengachenga unaweza kulisaga upya na kulikaragia mwenyewe, yaani kuliosha kwa kulizungusha na maji, kwenye karai ukaona kilichomo, lakini fungu laini linahitaji kipimo cha maabara, kwa kuwa jicho na karai havioni dhahabu ya namna hiyo. Nimeona watu wakinunua karasha jipya ilhali marudio yao yalikuwa yakiwaambia waziwazi kwamba wanasaga mno.

Kusaga mno ni kosa lisiloonekana kwa urahisi, na chanzo chake mara nyingi ni chekecheke iliyofungwa ndani ya karasha la nyundo. Mtu anayetaka unga laini hufunga bati lenye matundu madogo sana chini ya nyundo, akiamini kwamba kila kitakachotoka kitakuwa safi. Matokeo yake ni kwamba punje ambazo zimekwisha kuwa ndogo vya kutosha hukaa humo zikipigwa tena na tena zikitafuta tundu, injini inakunywa dizeli, vumbi la kwatzi linajaa hewani na kuingia mapafuni mwa waendeshaji, na dhahabu, ambayo haipasuki kama jiwe bali hufuliwa, inageuka kuwa vipande bapa vyembamba. Kipande bapa cha dhahabu ni kiumbe msumbufu: hakizami kama punje ya mviringo, na kikiwa kikavu huweza kuelea juu ya maji na kwenda zake huku kila mtu akikitazama.

Njia iliyo bora ni kuziacha nyundo zifanye kazi ya kuvunja tu. Funga ndani ya karasha bati lenye matundu makubwa zaidi, kisha weka nje yake chekecheke ya pili inayotikisika, ambayo ndiyo itakayoamua ukubwa wa mwisho. Kinachopita kinaenda kwenye mwalo. Kinachobaki juu kinarudi kwenye karasha, au, pale penye uwezo, kinakwenda kwenye kinu cha gololi, yaani pipa linalozunguka na kusaga kwa gololi za chuma. Mpango huu wa kurudisha mabaki hutumika katika viwanda vikubwa vya dhahabu duniani kote, na hakuna sababu ya kuuona kuwa ni wa matajiri. Tahadhari moja inastahili kutajwa: bati la ndani ya karasha la nyundo hutoa unga ulio laini kuliko ukubwa wa tundu lake, kwa kuwa punje hulifikia bati kwa mwendo wa mshazari na kuliona tundu kama ni dogo kuliko lilivyo. Kwa hiyo usipange ukubwa wa tundu kwa kulinganisha tu na unga unaoutaka. Saga mawe yako mwenyewe, chekecha, pima, ndipo uamue.

Linalofuata ni uwazi wa chekecheke, yaani sehemu ya eneo lake ambayo ni tundu badala ya chuma. Bati lililotobolewa matundu ya milimita 2, yaliyopangwa kwa pembetatu na kuachana milimita 4 kutoka katikati hadi katikati, lina uwazi wa takriban asilimia 23. Wavu uliofumwa wenye tundu la milimita 2 na waya wa milimita 1 una uwazi wa asilimia 44. Matundu yanalingana, lakini wavu unaupa unga nafasi ya kupita inayokaribia mara mbili ya bati. Bati nalo lina faida yake, kwa kuwa linavumilia kupigwa, na ndiyo maana mahali pake ni ndani ya karasha. Nje, ambapo hakuna nyundo, kutumia bati nene ni kujinyima. Ukilazimika kutumia bati, angalia upande unaouweka juu: tundu lililotobolewa kwa mashine huwa dogo kidogo upande ulioingiwa na chuma cha kutobolea na pana zaidi upande wa pili. Upande laini, wenye tundu dogo, ndio unaotakiwa kuwa juu, ili punje iliyofanikiwa kuingia isikwame njiani. Bati likigeuzwa, kila tundu linakuwa mtego.

Wauzaji wa nyavu hutumia hesabu ya meshi, yaani idadi ya matundu katika inchi moja, na hapa wanunuzi wengi hupotea. Meshi 18 hukaribia tundu la milimita 1, meshi 35 nusu milimita, meshi 60 robo milimita, na meshi 200 ni mikroni 75 hivi, yaani milimita 0.075. Lakini namba hizo ni za nyavu za maabara ambazo unene wa waya wake umewekewa viwango. Wavu wa dukani wenye waya mnene na wavu wenye waya mwembamba unaweza kuwa na meshi sawa na matundu tofauti kabisa. Dai vipimo viwili, upana wa tundu na unene wa waya. Muuzaji asipovijua, beba kipimo chako.

Ufanisi wa chekecheke hupimika kwa mizani ya kawaida. Tuseme unalisha kilo 100 za unga, na kwa kuchekecha sampuli taratibu kwa mkono umethibitisha kwamba kilo 60 kati ya hizo ni ndogo kuliko tundu. Kama mashine yako inapitisha kilo 45, ufanisi wake ni asilimia 75. Zile kilo 15 zilizobaki juu, ambazo zilistahili kupita, zinarudi kusagwa bure, zikichukua nafasi ya jiwe jipya na kuifua dhahabu iliyokwisha kuwa huru. Pale ambapo mabaki hayarudishwi bali hutupwa pembeni kama kokoto, kilo hizo 15 zinatupwa pamoja na dhahabu yake. Kipimo hiki hakihitaji mtaalamu kutoka mjini, na kinafaa kurudiwa kila wavu unapobadilishwa na kila aina ya mawe inapobadilika.

Sababu kubwa ya ufanisi mdogo ni kulisha vibaya. Karasha linamwaga unga katikati ya chekecheke, unga unatengeneza mgongo, na kingo mbili za wavu zinabaki zikitikisika bila kazi. Mgongo huo ukiwa mnene, punje ndogo zilizo juu haziwezi kuufikia wavu kabla ya kufika mwisho. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba unene wa tabaka la mawe kwenye mwisho wa chekecheke usizidi mara 4 ya upana wa tundu. Kwa matundu ya nusu milimita hiyo ni milimita 2 tu, jambo linaloonyesha jinsi chekecheke laini inavyohitaji kulishwa kwa upole na kwa upana wote. Sanduku dogo la kupokelea unga, lenye mdomo mpana sawa na wavu na ubao wa kuuzuia usidondoke kwa kishindo, hufanya kazi hiyo kwa gharama ya vipande vya bati.

Kuhusu mtikisiko, mafundi wengi wanaamini kwamba mashine inayoruka zaidi ndiyo inayochekecha zaidi. Mambo mawili huamua nguvu ya mtikisiko: umbali ambao wavu unakwenda juu na chini, na kasi ya mota. Mota inayozunguka mara 1,500 kwa dakika ikiwa na mwendo wa jumla wa milimita 4 hutoa nguvu ya karibu mara 5 ya mvutano wa dunia. Nguvu hiyohiyo hupatikana kwa mizunguko 3,000 na mwendo wa milimita 1 tu. Kwa mawe ya sentimita kadhaa, mwendo mrefu unafaa, kwa sababu jiwe linahitaji kurushwa ili litoke kwenye tundu lilimokwama. Kwa unga laini, mwendo mrefu unaurusha unga hewani na kuupitisha juu ya matundu mengi bila kuyagusa. Mwendo mfupi wa haraka ndio unaoubakiza karibu na wavu. Ukizidisha nguvu zaidi ya hapo, unavunja viungo vya kuchomelea na kuua beringi, na ufanisi hauongezeki. Vyuma vya kulemeza ekseli upande mmoja, ambavyo ndivyo vinavyoleta mtikisiko, vitengenezwe kwa namna ya kuongezwa na kupunguzwa kwa boliti, ili mwendo urekebishwe kulingana na kazi. Kupima mwendo huo ni rahisi: bandika karatasi yenye mistari ubavuni mwa fremu, gusisha ncha ya penseli kwa mkono uliotulia wakati mashine inatikisika, na mchoro utakaobaki utakuonyesha urefu wa mwendo na umbo lake. Mchoro wa upande wa kushoto ukitofautiana na wa kulia, springi moja imechoka au fremu imepinda.

Masika huleta adha nyingine. Unga wenye unyevu kidogo unashikamana, udongo wa mfinyanzi unaziba matundu, na chekecheke kavu ya nusu milimita iliyofanya kazi vizuri mwezi wa Agosti inageuka kuwa sinia. Wapo wanaoipiga kwa nyundo ili ijisafishe, na wapo wanaoikwangua kwa brashi ya waya. Wote wawili wanafupisha maisha ya wavu. Kuna suluhisho la wastani, ambalo ni kuweka trei ya matundu makubwa chini ya wavu na kutia humo mipira migumu ya raba, ambayo hurukaruka kwa mtikisiko na kuugonga wavu kutoka chini. Inasaidia dhidi ya punje zilizokwama, lakini haisaidii sana dhidi ya matope. Dhidi ya matope, acha kuchekecha kavu na uchekeche kwa maji.

Kuchekecha kwa maji kunashinda kuchekecha kavu kwa kila ukubwa ulio chini ya milimita 1, na ningekupendekeza hata wakati wa kiangazi, kwa sababu pia kunaua vumbi. Kuna siri moja ambayo mtu huigundua akisimama na kutazama: unga laini unapita pamoja na maji, na maji yanapita karibu yote katika sehemu ya mwanzo ya wavu. Baada ya hapo kinachobaki ni keki yenye unyevu inayosafiri hadi mwisho bila kupitisha chochote, hata wavu uwe mrefu namna gani. Kwa hiyo chekecheke laini hupata uwezo wake kutokana na upana, na urefu unaongeza kidogo sana. Kampuni ya Derrick ya jimbo la New York, Marekani, imelijengea jambo hili mashine nzima, yenye chekecheke fupi hadi 5 zilizopangwa moja juu ya nyingine katika fremu moja, kila moja ikilishwa peke yake. Mashine hiyo si ya bajeti zetu, lakini wazo lake halina ada: chekecheke mbili fupi na pana, zilizolishwa kila moja kwa mfereji wake, zitaishinda moja ndefu. Na pale keki inapoanza kuonekana, weka bomba lenye nozeli za kunyunyizia ili kuiyeyusha keki hiyo upya na kuzipa punje zilizobaki nafasi ya pili. Maji hayo yakitoka kwenye bwawa la kuzungushia, yapitishe kwanza kwenye kichujio chake, kwa kuwa nozeli iliyozibwa na kipande cha nailoni cha gunia inaacha mstari mkavu katikati ya wavu, na hakuna anayeutambua mpaka jioni.

Mvutano wa wavu ni jambo dogo lenye hasara kubwa. Wavu uliolegea haukatiki kwa sababu ya kulika. Unakatika kwa sababu ya kupindana mara elfu nyingi kwa saa mahali palepale, kwenye vyuma vinavyoushikilia. Unapaswa kuvutwa sawasawa kutoka pande mbili kwa ndoano na boliti, juu ya vyuma vilivyovalishwa raba na kupandishwa kidogo katikati ili wavu uwe na mgongo. Ukazwe upya baada ya saa chache za mwanzo, maana wavu mpya hulegea. Uchakavu nao una hesabu yake: tundu la milimita 2 likipanuka hadi milimita 3, ujazo wa punje kubwa inayoweza kupita umezidi mara 3 ya ule wa awali, na dhahabu iliyofichwa ndani ya punje hiyo haitakamatwa na mwalo wala na zebaki. Ndiyo maana ninawahimiza wamiliki wa makarasha wabadilishe bati kwa kipimo, wasisubiri litoboke.

Poliuretani, aina ya plastiki ngumu inayonyumbuka, imechukua nafasi ya waya katika viwanda vingi kwa sababu mbili: inavumilia msuguano kuliko chuma cha kawaida, na matundu yake hutengenezwa yakiwa yamepanuka kwa chini, hivyo punje hazikwami. Kasoro yake ni uwazi mdogo, kwa kuwa kuta kati ya matundu ni nene. Kwa kazi ndogo bado naona waya wa chuma kisichoshika kutu una nafuu zaidi, mradi umekazwa.

Tromeli, lile pipa la wavu linalozunguka, linafaa zaidi kwa mchanga wa mtoni na kwa marudio ya zamani yenye madongo kuliko kwa unga wa karasha. Kosa la kawaida ni kuizungusha haraka mno. Kasi ambayo mchanga utaganda ukutani bila kuanguka hupatikana kwa kugawa 42.3 kwa kipeuo cha pili cha kipenyo katika mita. Kwa pipa la mita 0.6 ni mizunguko 55 hivi kwa dakika, na kazi nzuri hufanyika katika asilimia 40 ya hiyo, yaani mizunguko 22. Usisahau kukagua kokoto zinazotoka mwisho wa pipa, kwani kipande kikubwa cha dhahabu hakitapita kwenye tundu na kitatupwa pamoja nazo.

Kwa wenye plenti za sianidi, yaani mitambo inayoyeyusha dhahabu kwa kemikali hiyo, chekecheke ina sura nyingine. Katika mitambo inayotumia kaboni, yaani makaa yanayonasa dhahabu iliyoyeyuka, ndani ya matanki ya tope, kama ilivyo kwenye mgodi mkubwa wa Geita, kaboni yenye punje za kati ya milimita 1.7 na 3.35 huzuiwa isiende na tope kwa chekecheke zenye mianya ya karibu milimita 0.6 hadi 0.8 zilizowekwa kati ya tanki na tanki. Kaboni ikisuguana, vipande vyake vidogo hupenya humo vikiwa vimebeba dhahabu iliyokwisha kukamatwa na kulipiwa gharama zote. Hakuna hasara chungu kuliko hiyo. Plenti ndogo zinaweza kuipunguza kwa mambo mawili: kuosha na kuchekecha kaboni mpya kabla ya kuitumia, ili vipande vyenye pembe kali vivunjike na kuondolewa vikiwa bado havina dhahabu, na kuweka chekecheke ya usalama mahali tope au maji yanapotoka mara ya mwisho. Kabla ya tanki la kwanza pawepo chekecheke ya kuondoa vipande vya matimba, yaani miti ya kuegemezea mashimo, nyuzi za magunia na plastiki, kwa sababu uchafu huo ndio unaoziba zile za kati na kufurisha matanki usiku.

Sasa nije kwenye kizuizi ambacho hakihusiani na chuma. Katika mialo mingi niliyofika, mchimbaji huyalipia mawe yake kusagwa na kuoshwa, kisha marudio yanabaki kuwa mali ya mwenye mwalo, ambaye huyakusanya na kuyauza au kuyapeleka kwenye plenti. Fikiria maana yake. Mwenye mtambo ndiye mwenye uwezo wa kubadilisha wavu, na ndiye anayefaidika wavu ukiwa mbovu, kwa kuwa kila punje iliyomponyoka mchimbaji inahamia kwenye rundo lake. Sisemi kwamba wamiliki wanafanya hila. Wengi wao hawajawahi kupima ufanisi wa mitambo yao. Nasema tu kwamba hakuna anayelipwa kwa kuiboresha chekecheke, na kifaa kisicho na mwenye kulipwa hakiboreshwi kwa semina.

Hali hiyo ina uhusiano pia na zebaki. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo kuchukua hatua za kukomesha kuchanganya zebaki na shehena nzima ya mawe yaliyosagwa, na vilevile kukomesha kuyatia sianidi marudio yaliyowekewa zebaki bila kuiondoa kwanza zebaki hiyo. Mchimbaji anayetia zebaki kwenye unga wote hufanya hivyo kwa sababu hauamini mwalo wake, na hauamini kwa sababu unga haukupangwa kwa ukubwa. Mpe unga uliochekechwa vizuri na mwalo unaolingana nao, na makinikia, yaani mchanga mzito wenye dhahabu, yatakayobaki yatatosha kwenye karai moja, ambapo zebaki kidogo, au hata kutotumia kabisa, huwa ni jambo la kujadilika. Vituo vya mfano vya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) vya Lwamgasa, Katente na Itumbi vilijengwa ili wachimbaji waone uchenjuaji bora kwa macho yao, na mtu anayevitembelea atafaidika zaidi akitazama jinsi mawe yanavyopangwa kwa ukubwa kuliko akitazama tu dhahabu inapotokea.

Makubaliano ninayoyapendelea, na ambayo nimeyaona yakikubalika pale pande mbili zinapoaminiana, ni ya kugawana marudio badala ya kuyaacha yote upande mmoja, pamoja na kuandika kwenye ubao wa karasha ukubwa wa tundu la chekecheke na tarehe ilipofungwa. Pembeni ya ubao huo panatundikwa kipande cha waya chenye unene uliozidi tundu kwa robo. Mchimbaji akishusha magunia yake anauchukua waya na kuujaribu kwenye matundu ya katikati, ambako huchakaa kwanza. Ukipita, chekecheke inabadilishwa kabla ya jiwe lake la kwanza kuingia kwenye karasha, na gharama ya wavu mpya iko upande wa mwenye mtambo.